Nani kaiandika? Redio ya TuTu, kompyuta ya dola mia na mtoto wa Wingwi

Najua nimepotea wiki mbili tatu, na wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa kwetu Wingwi. Kwa wasiopajua, Wingwi ipo Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Ukifika Chake Chake unapanda gari ya Micheweni, unatulia, na ukisikia watu wanaanza kuzungumza Kipemba kwa sauti ya juu kuliko injini, ujue umekaribia.

Siku ya pili yangu pale nilimkuta mpwa wangu, ana miaka sita, amekaa barazani na simu ya mama yake. Ndani yake kuna programu ya kufundishia watoto kusoma. Simu inasema "A, apple". Mtoto anarudia. "B, ball". Mtoto anarudia. Bibi yetu alikuwa pembeni anachambua karafuu. Alisikiliza kwa muda kisha akauliza swali moja tu:

"Mjukuu wangu, hiyo nani kaiandika?"

Nikamjibu sijui bibi, watu wa huko nje. Akasema, "Basi wanamfundisha mtoto wao, si huyu wetu."

Tangu siku hiyo swali hilo halijaniacha. Nani kaiandika? Maana mimi mwenyewe nimefundishwa kusoma na mashine, na ile mashine ilikuwa inanijua. Leo nataka tupitie historia hii pamoja, kidogo kidogo, tuone mashine za kufundishia watoto wa nchi zetu zimetoka wapi, na waliozitengeneza walikuwa wanamfikiria mtoto gani.

Nianze na yangu. Mwaka 2007 nilikuwa mtoto mdogo ambaye hajapata nafasi skuli ya maandalizi. Skuli ilikuwa mbali na tulikuwa wengi. Kwa jirani yetu palikuwa na baraza, redio moja, na msichana wa kijijini aliyemaliza skuli ambaye sote tukimwita Bi Mwalimu. Kipindi kilikuwa kinaitwa Tucheze Tujifunze, kwa kifupi TuTu. Kilikuwa sehemu ya mradi ulioanza Zanzibar mwaka 2006 kwa jina la RISE, ulioendeshwa na shirika la Kimarekani la EDC pamoja na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya Zanzibar, kwa fedha za USAID. Micheweni ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopata kipindi hicho.

Kama hujawahi kusikia darasa la redio la namna hii, nikueleze linavyofanya kazi. Si mtu anasoma habari na wewe unasikiliza. Redio inauliza swali, halafu inanyamaza. Katika ule ukimya sisi tunajibu kwa pamoja, tunapiga makofi, tunaruka, tunaimba. Redio inasema leteni vijiti vitatu, basi tunakimbia uwanjani kutafuta vijiti vitatu. Bi Mwalimu kazi yake ilikuwa kuangalia nani amebaki nyuma. Yule mtunzi wa kipindi, aliyekaa studio mbali na sisi, alishahesabu kwamba mtoto atahitaji sekunde kadhaa kujibu, na akaziacha tupu kwa ajili yetu.

Mbinu hii haikuzaliwa Zanzibar. Ilijaribiwa Nicaragua miaka ya 1970 kufundishia hesabu kwa redio, na miaka ya 1980 jirani zetu Kenya waliitumia kufundishia Kiingereza madarasa ya chini. Lakini ilipofika kwetu ilizungumza Kiswahili, iliimba, na vijiti vilikuwa vya uwanja wetu wenyewe. Redio haina picha, kwa hiyo ililazimika kutumia vitu tulivyokuwa navyo. Hilo nilikuja kulielewa baadaye sana.

Sasa tuhamie upande wa kompyuta.

Wazo la kumpa mtoto wa nchi maskini kompyuta yake mwenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Baba yake ni Seymour Papert, mtu aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1928 na baadaye akafanya kazi chuo cha MIT kule Marekani. Mwaka 1967 yeye na wenzake walitengeneza Logo, lugha ya kuandikia programu iliyokusudiwa watoto. Mtoto anamwambia kobe kwenye kioo: nenda mbele hatua mia, geuka kulia. Kobe anachora. Papert aliamini kwamba kompyuta isimfundishe mtoto, bali mtoto aifundishe kompyuta, na katika kuifundisha ndipo naye anajifunza. Mwaka 1982 yeye na Nicholas Negroponte walipeleka kompyuta za Apple II katika skuli za Dakar, Senegal. Kwa hiyo Afrika imo katika hadithi hii tangu mapema.

Januari 2005 Negroponte alisimama Davos, Uswisi, akatangaza kompyuta mpakato ya dola 100 kwa kila mtoto. Novemba mwaka huohuo, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kule Tunis, alionyesha mfano wake akiwa na Kofi Annan. Ilikuwa na mpini wa kuzungusha kuzalisha umeme, na picha ile ilizunguka dunia nzima. Mpini wenyewe haukufika kwenye mashine zilizouzwa, na bei nayo haikufika dola 100. Uzalishaji ulipoanza mwaka 2007 ilikuwa karibu dola 188.

Lakini tusiicheke haraka. Ile mashine, XO, ilikuwa na mambo ya kufikiriwa kwa kina. Kioo chake kilisomeka juani, kwa sababu mbunifu wake, Mary Lou Jepsen, alijua kwamba watoto wengi duniani husomea nje. Kibodi ilikuwa ya mpira wa kijani isiyopitisha vumbi wala maji. Na programu yake, iliyoitwa Sugar, iliandikwa upya kabisa kwa ajili ya mtoto. Hakukuwa na faili wala folda. Kulikuwa na shajara. Kila ulichofanya kilijihifadhi chenyewe kwa tarehe, kama daftari la kumbukumbu. Kulikuwa na mtaa, ambapo mtoto anaona wenzake walio karibu na kuweza kuchora au kuandika nao pamoja hata bila intaneti. Na, jamani, kulikuwa na kitufe kwenye kibodi ambacho mtoto akikibonyeza anaonyeshwa msimbo wa programu anayoitumia, jinsi ilivyoandikwa. Yaani swali la bibi yangu lilikuwa na kitufe chake!

Hayo yote yaliwekwa kwenye mashine yenye kumbukumbu ya megabaiti 256 na hifadhi ya gigabaiti 1. Simu ya dada yangu ina zaidi ya hapo mara nyingi.

Tatizo likawa wapi? Peru ilinunua zaidi ya 800,000, na mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikatoa utafiti uliofanywa katika skuli 319 za vijijini huko. Baada ya kama miezi 15 ya kutumia kompyuta hizo, watafiti hawakuona tofauti katika alama za hesabu na lugha kati ya watoto waliopata na wasiopata. Waliona nafuu kidogo katika vipimo vya kufikiri kwa jumla, basi. Rwanda, iliyoanza mwaka 2008 na kugawa zaidi ya 200,000, nayo iligundua kwamba kugawa ni kazi moja na kuwaandaa walimu ni nyingine. Kenya iliwaahidi watoto wa darasa la kwanza kompyuta mwaka 2013, zabuni ikafutwa 2014, na vifaa vikaanza kufika skuli mwaka 2016. Vilifika zaidi ya milioni 1. Kuvifikisha ndiko kuliandikwa magazetini kila siku. Ndani yake kuna somo gani, kwa lugha ipi, mtoto akikwama afanye nini, hayo yaliandikwa kwa nadra.

Hapa niseme jambo la lugha, maana wengi hudhani kuiweka programu katika Kiswahili ni kubadilisha maneno tu. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ndogo ya Uswidi iitwayo IT+46, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi katika Kiswahili, chini ya mradi wa Kilinux. Ilikuwa kazi ngumu. Chukua neno moja tu la Kiingereza, "deleted". Mwingereza analiandika mara moja na kulitumia kila mahali. Sisi tuna picha imefutwa, kitabu kimefutwa, ujumbe umefutwa, faili limefutwa. Programu iliyojengwa kwa kudhani kwamba kitenzi hakijali nomino itamsemesha mtoto Kiswahili kibovu kila siku, na mtoto anajifunza kutokana na anachokisoma.

Au chukua kusoma kwenyewe. Programu nyingi za Kiingereza huanza na majina ya herufi: ei, bii, sii. Mtoto wa Kiingereza anahitaji miaka kuzoea tahajia isiyofuata matamshi. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto wetu akishashika a e i o u, kisha ba be bi bo bu, anaweza kusoma maneno mengi ndani ya muda mfupi. Kumpitisha kwenye njia ndefu ya Kiingereza kisha kubandika maneno ya Kiswahili juu yake ni kumzungusha bure. Na tena mtoto wa Wingwi huwa ameshakaa chuoni. Akiwa na miaka mitano anajua alifu na bee, anasoma kutoka kulia kwenda kushoto. Programu inayomchukulia kama mtu ambaye hajawahi kuona herufi haimjui hata kidogo.

Haya, ndipo tunapofika Tanga.

Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la dola milioni 15, na Elon Musk akiwa miongoni mwa waliotoa fedha. Masharti yalikuwa haya: tengeneza programu huria itakayomwezesha mtoto asiye na mwalimu kujifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu ndani ya miezi 15. Timu 198 kutoka nchi 40 zilijiandikisha. Tano zilifika fainali mwaka 2017, kila moja ikapata dola milioni 1. Na uwanja wa kujaribia haukuwa California. Ulikuwa Mkoa wa Tanga, kwa Kiswahili, kwa ushirikiano wa serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vilivyotolewa na Google, na kila kijiji kikawa na kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua.

Fikiria hilo kidogo. Wabunifu wa Seoul, Bangalore, London, New York na Pittsburgh walilazimika kutengeneza programu zao kwa Kiswahili. Timu ya chuo cha Carnegie Mellon, iliyoitwa RoboTutor, ilibidi ifundishe mashine kumsikiliza mtoto anaposoma Kiswahili kwa sauti. Waliotengeneza Kitkit School ni kampuni iliyoanzishwa na Sooinn Lee na mumewe, watengenezaji wa michezo ya kompyuta waliotoka Korea Kusini. Walianza kutengeneza programu za kujifunzia kwa sababu mtoto wao alizaliwa na ulemavu, na programu zilizokuwapo hazikumfaa. Wale wa onebillion, kutoka Uingereza, walikuwa wameshafanya kazi miaka kadhaa Malawi kwa Kichewa, wakikaa darasani kuangalia mtoto anabonyeza wapi na anakata tamaa wapi. Timu nyingine mbili zilikuwa Chimple ya India na CCI ya Marekani.

Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 ya watoto wale hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na asilimia 74 walisema hawajawahi kwenda skuli. Baada ya miezi 15, ukiziangalia programu zote tano kwa pamoja, idadi ya wasioweza kusoma ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 zawadi kubwa ya dola milioni 10 ikagawanywa sawa kati ya Kitkit School na onebillion.

Linganisha sasa. Peru miezi 15, Tanga miezi 15. Kule mashine nzuri yenye falsafa nzuri, lakini haikufungamanishwa na somo la darasani, na alama hazikusogea. Huku kifaa cha kawaida tu, chenye programu iliyotengenezwa kwa lengo moja na kwa Kiswahili, na nusu wakasoma. Lakini mie ni mwandishi wa habari, sina budi kuisoma sentensi ile kwa upande wake wa pili. Nusu hawakusoma. Na watoto waliokuwa na skuli na mwalimu hawakuwa ndio waliopimwa, kwa hiyo matokeo yale hayatuambii kwamba kishikwambi kinashinda mwalimu. Yanatuambia kwamba kinashinda kutokuwa na chochote. Hilo ni jambo kubwa kwa mtoto asiye na chochote, lakini tusilikuze likawa jambo jingine.

Tanga na Pemba tunatazamana. Mwaka 2010 umeme wa gridi ulivuka mkondo kutoka Tanga kuja kwetu kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kwa msaada wa Norway. Kabla ya hapo Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli. Nakumbuka mara ya kwanza taa ilipowaka kwetu, bibi alikataa kuizima mpaka asubuhi. Programu za Tanga nazo ni huria, msimbo wake uko wazi, na zipo kwa Kiswahili. Hazihitaji hata waya wa baharini. Kwa hiyo nilifanya nilichoweza. Nilitafuta kishikwambi cha mkono wa pili, nikaweka programu moja ya bure ya Kiswahili (sitaitaja jina, maana nitakayoyasema ni ya siku tatu na mtoto mmoja), nikakaa na mpwa wangu barazani.

Siku ya kwanza alifurahi kusikia Kiswahili. Alicheka. "Mjomba, inasema kama mwalimu!" Silabi alizimaliza haraka kuliko nilivyotarajia. Siku ya pili ikaja picha ya treni. Pemba hakuna treni. Akasema, "Gari refu." Programu ikamwambia jaribu tena. Akasema, "Gari refu sana." Programu ikamwambia jaribu tena. Alinitazama mimi, si kioo, na nikaona usoni mwake kitu nisichokipenda: alidhani amekosea yeye.

Kosa lile lingetatuliwa na mtu mmoja aliyekaa Wingwi asubuhi moja. Nikakumbuka vijiti vitatu vya TuTu. Redio haikuwahi kunionyesha kitu nisichokijua, kwa sababu kitu chenyewe nilikileta mimi.

Ipo pia skuli moja, siitaji na wala si lazima iwe ya Wingwi, ambako nilionyeshwa chumba chenye kompyuta zilizoletwa kwa sherehe na sasa zimefungiwa kwa kufuli. Nikamuuliza mwalimu kwa nini. Akasema ndani yake hamna chochote cha mtaala wake, zote Kiingereza, na akiharibu moja atalipa yeye. Kwa hiyo anaziogopa. Unamlaumu? Mie simlaumu.

Vituo vya TuTu, kwa upande wake, vilidumu hata baada ya mradi wa mwanzo kwisha. Na mwaka 2020, skuli zilipofungwa kwa ajili ya korona, nchi nzima ilirudi kwenye redio na televisheni kufundishia watoto. Kile tulichokiona cha kizamani ndicho kilichokuwa tayari.

Sisemi turudi kwenye redio. Nasema waliotunga vipindi vile walikuwa na jibu la swali la bibi. Watunzi walikuwa wanajulikana, walizungumza lugha yetu, na kipindi kisipofanya kazi Bi Mwalimu alikuwa na mahali pa kupeleka malalamiko. Kompyuta ya dola mia ilikuwa na kitufe cha kuonyesha msimbo, lakini mtoto wa darasa la pili hakuwa na wa kumfundisha kuusoma. Programu za Tanga zimeacha msimbo wazi, na safari hii tunao vijana wanaoweza kuusoma. Wapo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wapo Dar es Salaam, wapo Nairobi, wengine najua mnasoma hapa na kazi yenu ndiyo hiyo kila siku. Kubadilisha picha ya treni ikawa ngalawa si kazi ya dola milioni 15. Ni kazi ya wikiendi.

Nimemwomba binamu yangu anayesomea kompyuta aniangalizie. Amekubali, kwa sharti kwamba mimi niorodheshe picha ambazo mtoto wa Wingwi hazijui. Nimeanza na mpwa wangu. Mpaka naondoka tulikuwa tumefika kumi na moja: treni, theluji, jokofu la milango miwili, na nyingine. Bibi amejitolea kuongeza za kuweka badala yake. Ya kwanza aliyotoa ni mkarafuu.

Kama una mtoto nyumbani, kaa naye nusu saa uone kioo kinamwambia nini, kisha uniambie. Orodha bado fupi.